Koti la Msimamizi na Bunduki Inayokwama

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Koti limefika! Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, amelileta mwenyewe alfajiri likiwa limeviringishwa kwenye gazeti. Lilikuwa koti la kawaida la kampuni, la kaki, pana kama shuka, lile tunalovaa sote. Sasa ni koti la mtu. Limebana kiunoni. Limebana kifuani. Mikono imebana kuanzia begani hadi kwenye kiganja. Vifungo sita vya shaba!

Shemeji alisema chini ya makwapa palikuwa na vikwapa, vile vipande vya kitambaa vinavyompa mtu nafasi ya kukunjua mikono. Aliviondoa kama nilivyomwagiza, lakini akauliza tena kama nina hakika. Nina hakika. Vikwapa ni vya watu wanaobeba magunia. Msimamizi habebi magunia.

Bado sijawa Msimamizi. Ni suala la siku tano tu. Meneja ametangaza leo mbele ya wote: Jumamosi Mwenye Kampuni anakuja kukagua uwanja wa kuanikia mahindi ya mbegu. Uwanja huo una walinzi wawili dhidi ya njiwa. Upande wa kushoto niko mimi na bunduki ya pampu, ile ya kuvuta nyuma na kusukuma mbele, na risasi zake za kelele ambazo hazijawahi kuua hata nzi. Upande wa kulia yuko Debe. Jina lake lingine silijui na sina haja nalo. Debe ana kamba yenye makopo na madebe kumi na manne, anaivuta, njiwa wanakimbia. Hiyo ndiyo elimu yake yote.

Atakayefukuza njiwa vizuri Jumamosi atakuwa Msimamizi wa Uwanja. Chumba chenye mlango! Kibao mlangoni! Kiti kinachozunguka! Atakayeshindwa atahamishiwa kushona midomo ya magunia.

Kuna jambo moja dogo. Mwezi uliopita nilimwambia mama mkwe kwenye simu kwamba cheo nimeshapewa. Sikukusudia. Alikuwa amenisimulia kwa dakika arobaini habari za mume wa binti yake mkubwa, ambaye amepewa pikipiki ya kazini, na mdomo wangu ukaponyoka. Mama mkwe anakuja Alhamisi. Anataka kuona ofisi.

Asubuhi nilifika uwanjani nikiwa nimelivaa koti. Watu waligeuka! Kwenye chai nikagundua kikombe hakifiki mdomoni, mkono unaishia kidevuni. Nikainamisha kichwa nikafuata kikombe. Mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka chai pia.

Saa nne njiwa wakatua. Nikafyatua hewani. Pa! Nikavuta pampu ili bunduki iteme ganda tupu na kupandisha risasi nyingine. Cha... kimya. Ganda limesimama wima kwenye mlango wa bunduki, nusu ndani nusu nje, halitaki kutoka wala kurudi. Nikavuta tena. Limekwama zaidi. Njiwa wakarudi mmoja mmoja wakala kwa utulivu kama wamealikwa. Debe alicheka mpaka akashika goti.

Miaka miwili bunduki hii haijawahi kukwama. Inakwama leo, wiki ya cheo. Hapa pana mkono wa mtu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimeipeleka bunduki kwa Mama Stoo. Yeye ndiye anayeitunza kwenye kabati la chuma, na kila asubuhi natia sahihi kwenye daftari lake ndipo anipe. Alikuwa jeshini miaka ishirini na hakubaliani na kitu chochote kilicholegea, isipokuwa koti lake mwenyewe, ambalo wangeweza kuingia watu wawili na mbuzi.

Alitoa risasi tano za bandia, za plastiki, za kufanyia mazoezi. Akazilaza moja baada ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Kisha cha-cha! Cha-cha! Cha-cha! Zote tano zikaruka nje zikajipanga mezani. Alisema bunduki haina ugonjwa wowote. Nikaichukua mimi. Cha... kimya. Risasi imelala kati, haijapanda, haijashuka.

Mama Stoo alisema nivute mpaka mwisho na nisukume mpaka mwisho, bila kuionea huruma. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba ndivyo ninavyofanya. Alisema sivyo ninavyofanya. Akakitazama kiwiko changu kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akivitamani vifungo.

Nimekaa chini nikafikiri. Mikononi mwake inafanya kazi, mikononi mwangu haifanyi. Jibu moja tu: bunduki imekauka, na yeye ana mikono yenye mafuta kwa sababu huwa anakula karanga. Inahitaji mafuta!

Kopo la mafuta ya bunduki liko ndani ya kabati la Mama Stoo, na Mama Stoo hutoa tone moja kwa siku, kama dawa ya macho. Wakati wa chakula nikakimbia nyumbani nikachukua mafuta ya nywele ya mke wangu, yale yenye harufu ya waridi. Nusu chupa. Nikayamimina kwenye kila tundu nililoliona. Bunduki ikang'aa. Bunduki ikanukia. Nilijisikia kucheka peke yangu, kwa nini watu hawafikiri?

Upepo ukavuma kutoka kwenye rundo la mahindi. Kufikia saa nane makapi yote ya uwanja yalikuwa yamenata kwenye bunduki. Ilikuwa na ndevu. Nilipoikoki haikusema hata "cha".

Mama Stoo aliifungua yote mezani akaisafisha saa mbili nzima. Mwishoni aliuliza nani kati yetu anapaka nywele kwa bunduki. Debe alikuwa mlangoni. Debe tupu haliachi kuvuma: kufikia jioni uwanja mzima walikuwa wananiita Waridi.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeamka na jibu. Springi!

Risasi hulala foleni ndani ya bomba, na nyuma yake iko springi ndefu inayozisukuma. Springi ikizeeka, inachoka. Ikichoka, haisukumi. Ni jambo ambalo hata mtoto angelijua. Nilifurahi sana nikavaa koti nikiwa bado sijanawa uso. Kulivaa sasa huchukua dakika tano na msaada wa mke wangu, ambaye hunisukuma kwa goti mgongoni. Aliuliza kama koti hili lina uhusiano na mambo ya bunduki. Nilicheka. Wanawake! Koti ni nguo, bunduki ni chuma.

Sikumwambia Mama Stoo. Nilikaa kwenye kivuli cha rundo la mahindi, nikatoa risasi zote, nikafungua kofia ya bomba kwa uangalifu mkubwa. Nilipofika mwisho wa nyuzi springi ilitoka peke yake. Fyuuu! Ilipita juu ya kichwa changu, ikang'aa kidogo kwenye jua, ikazama katikati ya rundo.

Rundo la tani mbili.

Meneja alisema mbegu yenye springi haiuziki. Watu ishirini waliacha kazi zao wakachukua ungo na chekecheke. Tulipepeta tangu saa tatu hadi saa saba. Kila aliyepita karibu yangu alikuwa na jina jipya la kuniita. Na nani akaiona? Nani mwingine kama si Debe? Aliniletea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema pole, ndugu yangu, hutokea. Hakucheka hata kidogo! Afadhali angecheka. Adabu ya aina hiyo ni uadui mtupu.

Mama Stoo alisema springi ni nzima, ina nguvu kuliko mimi. Ili kunifunga mdomo akaweka mpya kutoka stoo. Akaikoki mara tano. Cha-cha, cha-cha, muziki! Nikaikoki mimi. Cha... kimya.

Basi ni risasi. Lazima zimevimba kwa unyevu. Mchana nimeomba pete ya mke wangu na kupitisha risasi moja moja ndani yake, zote thelathini. Zote zimepita. Hata moja haijavimba.

Si mafuta. Si springi. Si risasi. Kinachobaki ni mtu. Anayefaidika bunduki ikikwama ni nani? Ukweli uko wazi. Debe anaiharibu! Kila asubuhi, kabla sijafika, kwa njia asiyoijua mtu. Ndiyo maana mikononi mwa Mama Stoo inakubali: inamwogopa.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mama mkwe amefika, na masanduku mawili na kuku.

Mimi nilikuwa nimelivaa koti tangu saa kumi na moja asubuhi ili anikute katika hali ya usimamizi. Nilimwamkia kwa adabu zote. Nilitaka kuinama kumpokea sanduku, koti likakataa, nikapiga magoti badala yake. Aliguswa sana. Alimwambia binti yake kwamba hajawahi kuona mkwe mwenye heshima kiasi hicho. Mume wa yule mkubwa hajawahi kumpigia magoti, ana pikipiki tu!

Kisha akauliza habari za ofisi. Nilisema iko, nzuri sana, lakini mlango unapakwa rangi, tungojee Jumamosi ikauke. Aliuliza ni rangi gani. Nikasema kijani. Aliuliza rangi gani inayochukua mwezi mzima kukauka. Nilikumbuka kwamba nimechelewa kazini.

Kazini nilimchunguza Debe kutwa nzima. Nilijificha nyuma ya magunia karibu na stoo. Hakulikaribia kabati hata mara moja. Alisugua madebe yake. Alikaza kamba. Saa sita akaja nyuma ya magunia, akaketi karibu nami bila kuuliza ninafanya nini pale, akatoa viazi vya kuchemsha kutoka mfukoni akanipa kimoja. Nilikikataa. Kisha nikakila. Mjanja sana mtu huyu.

Jioni nilifanya mazoezi sebuleni kwa kutumia ufagio wa mpini mrefu. Shika, vuta, sukuma. Shika, vuta, sukuma. Nililivaa koti, kwa sababu mtu hufanya mazoezi kama atakavyocheza. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga. Aliacha. Akaniangalia. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha nami nisikie, kwamba mkono wa mumeo unafika katikati unagonga ukuta usiokuwepo. Akasema koti linambana mtoto wa watu. Akasema hapo makwapani pamekufa, hapana kikwapa, fundi gani huyo aliyelishona?

Fundi mwenyewe, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameketi pale pale. Akasema ni mimi niliyemwamuru. Msaliti!

Nilimweleza mama mkwe kwa upole kwamba makoti ya wasimamizi hushonwa hivyo kila mahali. Aliitikia kwa kichwa. Akachukua jani jingine.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Siku ya ajabu! Naandika kwa furaha.

Mchana lilikuwa jua la kuchoma. Wakati wa chakula nililivua koti, nikalining'iniza kwenye mwiba wa seng'enge, nikabaki na fulana. Kundi la njiwa likashuka. Nikachukua bunduki bila kufikiri. Pa! Cha-cha! Pa! Cha-cha! Pa! Cha-cha! Tano mfululizo! Maganda yaliruka kama bisi. Nilipiga kelele. Nilicheza. Niliibusu bunduki kwenye kitako, bado ina harufu ya waridi kidogo.

Saa saba na nusu nilimwona Meneja akija kwa mbali. Nikalivaa koti haraka, Debe akanisukuma kwa goti mgongoni, namshukuru kwa hilo tu. Meneja akasema hebu nione. Pa! Cha... kimya. Meneja akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikaa nikatafakari. Saa saba kamili ilikubali. Saa saba na nusu ilikataa. Kitu gani kilibadilika katikati? Nilipitia jambo moja moja. Nikainua macho. Wingu! Kulikuwa na wingu dogo lililofika juu yangu saa saba na robo.

Ni jua! Chuma cha bunduki kikipata joto kinalegea, risasi zinapita. Kikipoa kinabana. Siku tano nimehangaika na jibu liko angani! Kesho naanika bunduki pamoja na mahindi. Nimemwomba Mama Stoo ruhusa iwekwe juani, tupu, mbele ya macho yake, kuanzia saa mbili.  Akasema jua halijawahi kumdhuru mtu, akaongeza kwamba yeye anastaafu mwakani na hataki ugomvi.

Na kwa kuwa mwenye busara hategi mtego mmoja, nimefanya na jambo jingine. Jioni watu walipoondoka nilichukua gunia la chenga za mahindi nikazimwaga upande wa Debe. Zote. Njiwa wote watatua kwake. Upande wangu utakuwa mweupe kama sahani. Hata bunduki ikikwama, nitakuwa mlinzi wa uwanja usio na njiwa hata mmoja!

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mama mkwe alinyoosha mkono akalishika koti kwapani kwa vidole viwili, akavuta, akaguna. Simjali. Kesho!

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Niandike kwa mpangilio, kichwa kinazunguka.

Saa mbili bunduki iliwekwa juani. Saa nne akafika Mwenye Kampuni, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, na nyuma yake Meneja. Saa nne na dakika tano wakafika mke wangu, Shemeji na mama mkwe akiwa amevaa nguo za sherehe. Aliuliza wapi ofisi. Nilimwonyesha kwa kidole. Mlango kwa kweli ulikuwa unapakwa rangi, Meneja aliagiza asubuhi ile ile! Kijani! Nilidhani mbingu zimeniunga mkono.

Kisha wakaja njiwa.

Chenga zile walikuwa wamezionja tangu alfajiri, na wakaenda kuitana. Walikuja wa kwetu, wakaja wa kiwanda cha jirani, wakaja ambao sijawahi kuwaona, wenye shingo za zambarau. Upande wa Debe sakafu haikuonekana. Mwenye Kampuni akavua kofia. Debe alinitazama mara moja, akatazama chenga, akanitazama tena.  Akashika kamba.

Nakiri kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: aliivuta kwa ustadi. Madebe kumi na manne yalilia kwa zamu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama radi inayotembea. Njiwa wote wakainuka mara moja, wakafunika jua, wakageuka hewani, na wakatua upande wangu.

Wote.

Watu wakampigia Debe makofi. Ikawa zamu yangu. Nikajaza bomba, nikajisogeza mbele, nikavuta pumzi, kadiri vifungo vilivyoruhusu. Pa! Njiwa wachache wakaruka. Nikavuta pampu. Cha...

Kimya.

Meneja akakohoa. Mwenye Kampuni akatazama saa. Njiwa mmoja alitembea mpaka kwenye kiatu changu. Nilivuta tena, mkono ukafika pale pale unapoishia siku zote. Niliiona ile midomo ya magunia, maelfu, ikiningoja na sindano. Niliona pikipiki ya mume wa yule mkubwa. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Hapo mama mkwe, ambaye tangu nimemwoa binti yake hajawahi kuniita mbele za watu, akasimama kutoka kwenye kiti chake akapiga ukelele kwamba mwanangu, vua koti!

Nivue koti! Mbele ya Mwenye Kampuni! Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata. Nikaishika ile pampu nikaivuta kwa nguvu za mababu zangu wote. Krrraaaaa! Mlio mrefu, kuanzia kwapa la kulia, ukapita mgongoni, ukatokea kwapa la kushoto. Vifungo viwili viliruka, kimoja kikagonga debe. Upepo ukaniingia mgongoni. Na mkono wangu ukaenda nyuma, nyuma, nyuma kabisa!

Cha-cha! Pa! Cha-cha! Pa! Cha-cha! Pa! Cha-cha! Pa!

Njiwa waliondoka kama waliofukuzwa na serikali. Hawakuzunguka. Walikwenda moja kwa moja kwenye paa la kiwanda cha jirani na huko wakakaa wakitutazama. Uwanja ulikuwa mtupu. Nilisimama katikati, mikono ya koti ikining'inia kila mmoja upande wake, fulana yangu yenye tundu ikipepea, na nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Mwenye Kampuni alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Alisema ameajiri watu wengi, lakini hajawahi kupata anayerarua nguo zake kwa ajili ya mbegu zake. Akasema nipewe usimamizi kwa majaribio, na Jumatano anarudi na wageni wake, anataka waone kitu kile kile. Debe atakuwa msaidizi wangu. Debe alinipa mkono. Alisema hongera, akanong'ona kwamba Jumatatu nimsaidie kufagia chenga.

Mama mkwe alikwenda kuiona ofisi. Aliugusa mlango, akatazama kiganja chake chenye rangi ya kijani. Akanijia polepole. Alisema ananipongeza kwa kupata leo cheo nilichopewa mwezi uliopita. Kisha akacheka, akanipaka rangi ile shavuni. Nampenda mama huyu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimelala mpaka saa nne. Msimamizi!

Nimekaa na kuandika sababu za ushindi, ili zisisahaulike. Moja, jua: saa mbili na zaidi. Mbili, mafuta ya waridi, ambayo bila shaka yalikuwa yanaingia taratibu tangu Jumanne. Tatu, hasira yangu, ambayo bunduki iliiogopa. Mke wangu alisoma begani mwangu akasema nimesahau koti. Kweli! Nne: bahati ya koti.

Nimempa Shemeji kazi haraka. Koti lirudishwe kabla ya Jumatano. Nyuzi za kawaida zimethibitika kuwa ni dhaifu, basi atumie ule uzi wa kushonea midomo ya magunia, mara mbili. Na kwa kuwa sasa ni cheo kamili, alipunguze kidole kimoja kila upande.  Shemeji alimtazama mama yake.

Mama mkwe aliniomba, kwa upole wa ajabu, nimwachie koti usiku mmoja tu alitie vikwapa. Alisema hata havitaonekana. Nilimshukuru. Nilimweleza kwamba mtu aliyepanda cheo harudi nyuma kwenye mambo ya vikwapa. Alisema sawa, baba. Alikwenda jikoni na nikamsikia yeye na binti yake wakicheka kwa muda mrefu. Ni vizuri mama na mwana wapatane.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Ameniachia kifurushi kidogo. Ndani mna vipande viwili vya kitambaa cha kaki, vya pembe nne, vimepindwa pembeni kwa mkono, kwa mishono midogo midogo mno. Mke wangu alisema mama ameagiza kwamba mimi ni mtu mwenye akili, nitajua pa kuviweka.

Nimejua mara moja. Ni laini, havitoi nyuzi, vinaingia kila pembe. Sijawahi kupata vitambaa bora vya kufutia bunduki! Mama Stoo aliviona mkononi mwangu, akavitambua. Akaenda kunywa maji.

Koti nalo limekamilika. Uzi wa magunia, mara mbili! Leo nimevalishwa na watu watatu, Debe akiwemo. Halitachanika tena, hata likivutwa na ng'ombe. Siwezi kukaa kwenye kiti kinachozunguka, lakini nasimama kando yake na kukizungusha.

Nimeianika bunduki saa tatu nzima. Nimeifuta kwa vitambaa vya mama. Nimejaza risasi za bandia mbele ya Mama Stoo, kesho Mwenye Kampuni anakuja na wageni wanane. Nikavuta.

Cha... kimya.

Safari hii sikubabaika hata kidogo, kwa maana hatimaye nimeielewa. Nilitazama vizuri mkono wangu unapoishia, nikatazama pampu inapotakiwa kufika. Kuna pengo, karibu upana wa kiganja! Siku nane watu wananiambia nivute mpaka mwisho, na hakuna aliyepima. Kosa liko wazi: bunduki hii ni ndefu mno.

Nimemwandikia Meneja barua kuomba nyingine, yenye pampu fupi, ya saizi yangu. Nimeitamka nikiwa nimesimama, na Debe ndiye aliyeiandika na kutia sahihi kwa niaba yangu, kwa sababu mkono haukuifikia meza.